Msitu wa Mji Usio na Kamati: Uratibu wa Elimu ya Misitu Nachingwea na Ruangwa

Kwa wataalamu wa misitu, msitu wa mji ni jumla ya miti yote iliyomo mjini na pembezoni mwake: ya barabarani na ya uani, ya viwanja vya shule na makaburi, ya kingo za mito, pamoja na mapori yaliyosalia pale ambapo nyumba za mwisho hukutana na mashamba. Kwa tafsiri hiyo, Nachingwea na Ruangwa, makao makuu ya wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, zina msitu mpana kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mikorosho na miembe imeingia hadi katikati ya makazi, na nje kidogo ya mji huanza miombo, yaani mapori ya miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya misitu yote ya Tanzania. Kilicho haba ni utaratibu wa kuwafundisha na kuwasikiliza wakazi wanaouishi msitu huo kila siku.

Uratibu wa elimu kwa jamii si kutunga mabango na kukodi gari la matangazo, ingawa fedha nyingi huishia huko. Ni kazi ya kuoanisha mambo matatu: nani ana mamlaka ya kuamua juu ya mti, nani anautegemea mti huo kwa chakula au kipato, na uamuzi wenyewe hufanyika msimu gani. Somo likitolewa kwa asiye na mamlaka, au likafika uamuzi ulipokwisha kufanyika, hata liwe zuri namna gani halitaokoa mti hata mmoja, na katika wilaya hizi mbili makosa yote mawili ni rahisi kufanyika.

Nachingwea ni mahali panapostahili tahadhari ya pekee, kwa kuwa mji wenyewe ulikua kwa kufyeka pori. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa takriban wiki tisa, ukikagua sehemu kubwa ya ardhi kutoka angani, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Karanga uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, huku Kongwa, Urambo na Nachingwea zikiwa vituo vyake vikuu. Matingatinga yaling'oa miombo na reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, lakini ilipofika 1951 mpango ulikuwa umekwisha achwa baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakulima waliojua udongo na mvua za maeneo yale walikuwepo tangu mwanzo. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza. Programu yoyote ya elimu ya misitu inayofika Nachingwea na majibu yaliyokwisha chapishwa inapita njia hiyohiyo, ijapokuwa safari hii imebeba miche badala ya matingatinga.

Vijijini, tatizo la mamlaka lilikwisha kupatiwa ufumbuzi wa kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiwezesha kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia kwa kupitia Kamati ya Maliasili, kutunga sheria ndogo na kubaki na mapato ya mazao yanayovunwa humo. Huo ndio usimamizi shirikishi wa misitu. Programu ya FORVAC, iliyofadhiliwa na Ufini na kuanza 2018 chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, iliziweka Liwale, Nachingwea na Ruangwa katika kanda moja ili kuimarisha utaratibu huo na kuwatafutia wanavijiji soko la mbao. Elimu inayotolewa kijijini ina mahali pa kutua, kwa sababu anayefundishwa madhara ya moto leo anaweza kesho kunyoosha mkono katika Mkutano Mkuu wa Kijiji na kupiga kura juu ya faini ya anayechoma pori.

Mjini mambo ni mengine kabisa. Mwembe ulio kando ya barabara uko katika hifadhi ya barabara, kwa hiyo ni wa TANROADS au TARURA kutegemea barabara yenyewe. Matawi yake yakigusa nyaya, TANESCO huyakata. Mti wa shuleni uko mikononi mwa kamati ya shule, na ule ulio ndani ya mita 60 za ukingo wa mto unalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo wakulima wengi wa bustani za mabondeni huisikia siku wanapoondolewa. Hakuna mkutano mmoja ambako mkazi anaweza kusimama na kuulizia miti hiyo yote kwa pamoja. Kanuni ya 3-30-300, aliyoitoa Cecil Konijnendijk mwaka 2021, inataka kila mkazi aone walau miti mitatu kutoka nyumbani kwake, mtaa wake uwe na kivuli cha miti kwa asilimia 30, na eneo la kijani lisiwe mbali zaidi ya mita 300. Kipimo hicho kinafaa, na huenda mitaa mingi ya Ruangwa yenye mikorosho uani ikafaulu sharti la kwanza bila jasho, lakini hakisemi lolote kuhusu nani aulizwe mti unapokatwa. Nairobi ilipata jibu lake kwa Msitu wa Karura, ambako baada ya mapambano yaliyoongozwa na Wangari Maathai, Sheria ya Misitu ya Kenya ya 2005 ilitoa nafasi kwa wakazi kuunda chama cha kijamii cha msitu na kuingia makubaliano ya usimamizi na serikali. Nachingwea na Ruangwa hazina Karura, wala haziihitaji. Zinachohitaji ni chombo kidogo zaidi chenye sifa hiyohiyo ya kuwa na anwani.

Wakati ndio jambo linalopuuzwa zaidi, na ndilo lenye mengi ya kusemwa. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili, tarehe inayofaa sehemu zinazopata masika. Bara la Lindi lina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo mche unaopandwa Nachingwea siku ya sherehe hubakiwa na wiki chache za unyevu kabla ya kukabili kiangazi cha miezi sita au zaidi. Mche huo ungepandwa Desemba au Januari, mizizi yake ingekuwa imeshuka chini kabla jua halijawa kali. Kukubali hivyo kuna gharama zake za kiutawala, kwa kuwa kitalu lazima kiandaliwe kuanzia Julai au Agosti, wakati ambapo hakuna kiongozi anayefikiria sherehe ya miti, na viriba vya miche lazima vimwagiliwe katika miezi ambayo maji ni ya shida.

Mwaka wa mkulima una vipindi vingine ambavyo mratibu hana budi kuvifuata. Majani hukauka kuanzia Juni, na moto unaowashwa mapema, yakiwa bado na ubichi, hupita chini kwa chini bila kuunguza miti. Moto wa Septemba na Oktoba, unaowashwa na wasafisha mashamba, wawindaji na warina asali, hupanda hadi matawini na kuua machipukizi. Kwa hiyo elimu ya moto ina maana ikitolewa Aprili na Mei. Ufuta, zao ambalo bei yake imewafanya wakulima wengi wa Lindi kufyeka mapori mapya kila miaka michache, huvunwa katikati ya mwaka na kuuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani. Mazungumzo ya kulima eneo lilelile kwa miaka mingi zaidi yanapaswa kufanyika pale mkulima anapopokea malipo yake, kabla hajaamua aende kufyeka wapi msimu ujao.

Kuna kosa jingine lililojificha ndani ya desturi ya kupanda miche, nalo ni kumfanya mwananchi aamini kwamba pori lililokatwa limekufa. Miti ya miombo huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi, na ikilindwa dhidi ya moto na jembe hurudi bila gharama ya kitalu. Mninga unatoa mfano mzuri zaidi: mche wake hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi, mpaka mwaka mmoja upate nguvu ya kutoa shina lisilokauka tena. Anayetazama eneo hilo mwezi Agosti huona majani makavu tu na kuliita pori lisilo na kitu, ilhali chini ya miguu yake kuna mbao za wajukuu zake. Mkoani Dodoma, kampeni ya Kisiki Hai inayoendeshwa na LEAD Foundation kwa kushirikiana na shirika la Kiholanzi la Justdiggit imeujenga ujumbe wake wote juu ya uwezo huo wa visiki. Lindi, yenye mvua nyingi kuliko Dodoma, ingepata matokeo ya haraka zaidi.

Mkazi wa mjini naye asihesabiwe kuwa mtazamaji. Gunia la mkaa linaloegemezwa nyuma ya banda la mama lishe limetoka katika tanuri la udongo, ambamo magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha huachwa yaungue taratibu kwa siku kadhaa. Uzito wa mkaa unaopatikana mara nyingi hauzidi moja ya tano ya uzito wa kuni zilizoingia, na magogo mabichi hupunguza hata kiasi hicho. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati hiyo ifikapo 2034, lakini mama lishe anayenunua mkaa kwa kipimo cha kopo hawezi kuhama kwa kuambiwa tu kwamba msitu unaisha. Huhama akionyeshwa gharama ya sufuria moja ya maharage kwa gesi na kwa mkaa. Kuna pia bidhaa isiyoonekana katika vipeperushi vingi: ming'oko, viazi vikuu vya porini ambavyo wanawake wa Lindi na Mtwara huchimba mapori yakiwa makavu, huchemsha na kuuza mitaani. Mnunuzi wa ming'oko anautegemea msitu moja kwa moja, mdomoni, na hakuna somo la ikolojia linaloeleweka upesi kuliko sahani hiyo.

Kuhusu njia za kufikisha elimu, Tanzania ina uzoefu wake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafikia takriban watu milioni mbili kwa kuunganisha kipindi cha redio, kitabu chepesi na vikundi vidogo vya kusikiliza vyenye kiongozi aliyeandaliwa, na kila kikundi kilitarajiwa kumaliza mazungumzo kwa kukubaliana kazi ya kufanya, kama kuchimba vyoo. Nguvu yake ilikuwa katika kikundi kuliko katika redio. Wilaya hizi zina vikundi vilivyokwisha kuundwa: vyama vya msingi vya ushirika vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale; misikiti na makanisa; klabu za Malihai, zilizoanzishwa nchini mwaka 1980 ili kuwafundisha wanafunzi uhifadhi. Wamo pia makungwi wa jando na unyago, ambao kwa vizazi vingi wamewafundisha vijana wa Kimwera, Kimakua, Kiyao na Kimakonde, na mratibu makini asingewaacha nje ya orodha yake kwa kisingizio kwamba si wataalamu.

Anayefaa kuyashika yote haya ni ofisi ya misitu ya wilaya, ikisaidiana na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na idara ya elimu, mradi halmashauri iipe ofisi hiyo kitu cha kusimamia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaziruhusu halmashauri za wilaya kutunga sheria ndogo, na sheria ndogo moja ya miti ya mjini inaweza kuunda kamati inayokutanisha barabara, umeme, maji, shule na wenyeviti wa vitongoji. Kazi ya kwanza ya kamati hiyo iwe sensa ya miti inayofanywa na wanafunzi wenyewe, kila shule na eneo lake, wakiandika aina, unene wa shina na mwenye dhamana. Ikifanyika Septemba na Oktoba, orodha itawafikia madiwani kabla bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa. Ikichelewa hadi Machi, kitalu cha Agosti hakitakuwa na fungu, na miche ya Desemba haitakuwepo.