Madoa ya Jua na Dawa ya Baridi

Katika Kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya Mwanza, watu huanika dagaa ufukoni. Jua likaushalo dagaa huchoma pia ngozi za watu, walakini haziungui zote sawasawa.

Ndani ya ngozi mna rangi iitwayo melanini. Kazi yake ni kuikinga ngozi, kama mwavuli umkingavyo mwenye kuushika. Mtu mwenye ualbino huzaliwa na rangi hiyo kidogo sana, au hana kabisa. Hii si laana wala uchawi, bali ni urithi wa baba na mama pamoja. Tena Mwanza i karibu na Ikweta, na Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo miali ya jua hushuka kwa nguvu nyingi.

Jua likimpiga mtu huyo miaka mingi, madoa hutokea usoni, masikioni na mikononi. Mengine ni laini, ya rangi ya kahawia, nayo kwa kawaida hayana hatari. Mengine hukwaruza kama msasa, yana magamba, na yakibanduliwa hurudi. Hayo ndiyo ya kuangaliwa, maana baadhi yake huweza kugeuka kansa. Mara nyingi hayaumi, kwa hiyo watu huyapuuza. Kansa ikiisha kuota mizizi, mgonjwa hupasuliwa, na pengine hufa.

Je, doa dogo huondolewaje? Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni naitrojeni. Mwaka 1883, katika mji wa Kraków, Wróblewski na Olszewski waliigeuza gesi hiyo kuwa kioevu. Kioevu hicho huchemka kwenye digrii 196 chini ya sifuri. Daktari hukipuliza juu ya doa kwa sekunde chache. Doa huwa jeupe, na maji yaliyo ndani ya chembe za ngozi huganda yakaziharibu. Baadaye hutokea lengelenge, kisha kigaga. Kigaga kikianguka, ngozi mpya huonekana. Basi, daktari hana budi kuzihesabu sekunde: zikipungua, doa husalia, zikizidi, ngozi nzima huumia.

Mwaka 1992 chuo cha madaktari wa ngozi kilifunguliwa Moshi, penye Hospitali ya KCMC. Hapo pia ilitengenezwa dawa ya kujipaka iitwayo Kilisun, iwakinge watu wenye ualbino na jua. Kliniki za ngozi zimefanywa hata Ukerewe, ili wagonjwa wapimwe karibu na kwao.

Lakini kinga hupita dawa. Mtoto mwenye ualbino na avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, akae kivulini, na ngozi yake ipimwe mara kwa mara. Wenziwe wasimcheke kwa kofia yake, wala wasimwite acheze juani adhuhuri. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Doa dogo ni ufa, nao huzibwa kwa sekunde chache.

MASWALI
1. Melanini ina kazi gani?
2. Utalitambuaje doa la kumwonyesha daktari?
3. Kwa nini daktari huhesabu sekunde?