Redio huuliza: nani atakayesikia jibu la mtoto?

Hivi karibuni ustadhi wa madrasa yetu hapa Makole, Dodoma, aliwaomba watoto wadogo wasimulie hadithi yoyote waliyosimuliwa nyumbani. Kimya kilitanda. Hatimaye mtoto mmoja wa miaka mitano alisimama, akaimba neno kwa neno tangazo la biashara alilolisikia kwenye simu ya mama yake. Wenzake wakalidaka; wote walikuwa wanalijua. Habari hiyo ilipoletwa kikaoni, baadhi yetu katika kamati ya msikiti tulicheka. Tuliacha kucheka ustadhi alipotueleza kwamba miongoni mwa walionyamaza walikuwamo watoto wetu wenyewe.

Hatuandiki haya kuwalaumu wazazi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji wetu umepokea familia nyingi changa kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Baba na mama hurejea jioni wakiwa wamechoka. Bibi, aliyekuwa msimulizi wa nyumba, amebaki Tanga, Kondoa au Kigoma. Nafasi yake imechukuliwa na kioo cha simu. Mtoto anatulia, nasi tunashukuru, bila kujiuliza utulivu huo tumeununua kwa bei gani.

Ilhali sisi wenyewe tulilelewa kwa masikio. Tuliokua enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam tunakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana, ambamo Bi Debora Mwenda aliwasimulia watoto hadithi. Redio ilikuwa moja, ipo juu ya kabati sebuleni, na nyumba nzima ilisikiliza. Hadithi ilipokwisha ndipo mazungumzo yalipoanza: nani alikosea, na ingekuwa wewe ungefanyaje?

Wenzetu ng'ambo wameirudia njia hiyo kwa mitambo mipya. Nchini Australia, shirika la utangazaji la taifa, ABC, lina stesheni ya kidijiti iitwayo ABC Kids listen, iliyotengwa kwa ajili ya watoto wadogo na familia zao. Uingereza nako ipo Fun Kids. Faida ya redio za namna hii ni kwamba mtoto husikiliza huku mikono na macho yake vikiwa huru kucheza na kuchora, na kipindi kikimpita anaweza kukisikiliza tena kupitia intaneti. Kwetu, nyumba nyingi bado hutegemea masafa ya FM, na kusikiliza kwa intaneti hula bando. Lakini kabla ya kuisikitikia mitambo tusiyo nayo, tutazame jambo lililofanyika karibu nasi.

Katika miaka ya 2000, Wizara ya Elimu ya Zanzibar, kwa ushirikiano na shirika la Kimarekani la EDC, iliandaa vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Viliwalenga watoto wa elimu ya awali na wa madarasa ya mwanzo, wakiwemo wale ambao hawakuwa na nafasi ya kwenda shule ya awali. Sauti redioni huimba, huuliza swali, kisha hunyamaza kidogo ili mtoto ajibu, aruke au ahesabu vidole, ndipo huendelea. Mtindo huu ulianza kutumika Nikaragua katika miaka ya 1970 kufundishia hesabu, na katika miaka ya 1980 ukatumika Kenya kufundishia Kiingereza.

Aliyepita chuoni ataona kwamba mtindo huu si mgeni kwake. Ni ndugu wa talqini. Ustadhi husoma, mtoto hurudia. Na kwa njia hiyo Qur'ani Tukufu imeingia vifuani mwa watoto wasiojua bado kushika kalamu. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Ustadhi husikia mtoto alivyorudia, na akikosea herufi humrudisha. Redio huuliza, lakini haina sikio. Mtoto akisema mbili na tatu ni sita, redio humpongeza na kusonga mbele. Ndiyo maana kule Zanzibar watoto hawakuachiwa redio peke yao. Alikuwapo mtu mzima wa kukaa nao na kuwaongoza.

Kwa hiyo swali linalozikabili familia zetu linatangulia lile la mitambo: nani atakaa na mtoto asikie jibu lake? Tumefundishwa kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya alichokabidhiwa. Stesheni ya watoto, hata iwe bora namna gani, haiwezi kuulizwa kwa niaba ya mzazi. Na anayekaa kusikiliza ndiye atakayebaini pia maneno au mafunzo yasiyoafikiana na malezi ya Kiislamu, akayazungumza na mwanawe palepale.

Kamati yetu imekubaliana kuanza na jambo dogo. Tumewaomba wazee wa msikiti, kina bibi wakitangulia, wasimulie visa vya Mitume na hadithi za kwao, nasi tuzirekodi kwa simu. Kila hadithi itakuwa na maswali mawili au matatu, na baada ya kila swali pawe na kimya kifupi. Sauti hizo zitawekwa kwenye memori kadi, ambayo redio ndogo nyingi zinazouzwa sokoni huipokea, ili familia isikilize bila bando. Bibi aliye mbali naye anaweza kutuma yake kwa simu.

Tunachowaomba wazazi ni robo saa tu baada ya Magharibi. Simu ya mkubwa iwekwe kando. Redio ikinyamaza, tusiharakishe kumjibia mtoto. Tumpe nafasi afikiri, kisha tumsikilize hata akikosea.

Inshaallah, muhula ujao ustadhi atauliza swali lilelile. Atakaporudi kikaoni kutupa habari, tungependa kusikia kwamba muda haukutosha kwa watoto wote waliotaka kusimulia.