Kuongoka ni Kazi ya Kila Siku

Mkristo akiulizwa alibadilika lini, mara nyingi hutaja siku ya ubatizo, ya kipaimara au ya mkesha wa maombi. Siku hizo zina uzito wake, ila zinaonyesha mwanzo tu. Namna mtu anavyogeuzwa moyo baadaye inaonekana vizuri zaidi katika historia ya Ukristo wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini mwa Tanzania.

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakafungua Kigonsera, katika eneo ambalo leo ni la Mbinga. Walikuja na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Mmonaki wa kanuni hiyo huahidi mambo matatu: kudumu katika jumuiya moja, kutii, na kuongoka kwa mwenendo, yaani kukubali kugeuzwa hadi kufa. Ahadi hii ya mwisho hutegemea zile mbili. Anayehama kila anapokosolewa hakai mahali kasoro zake zikajulikana, na asiyemtii yeyote husikiliza matakwa yake tu. Kazi iliyobaki hufanywa na ratiba ya sala, kazi na kusoma. Hasira iliyozoeleka haiondoki kwa hubiri moja. Hulegea kidogo kidogo mtu anaposali zaburi kando ya yule yule aliyemkasirisha, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka.

Mwambaoni Waanglikana wa misheni ya UMCA walitokea kisiwa cha Likoma, makao yao tangu miaka ya 1880. William Percival Johnson alivizungukia vijiji vya ziwani kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Lakini padri anayepita kwa meli hukaa kidogo na kuondoka. Malezi ya kila siku yalibebwa na walimu Waafrika walioishi vijijini, wakisalisha na kuwafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kwa ubatizo, huku wakiwaona wanavyoishi na wenzao.

Mkulima wa Kimatengo huko Mbinga anaijua kazi ya namna hii shambani. Katika ngolo, kilimo chao cha mashimo na matuta, nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa miraba na kufukiwa kwa udongo uliochimbwa katikati. Zikioza ndani ya matuta huwa mbolea, na mashimo huzuia maji yasichukue udongo wa mteremko. Nyasi zile zile zilizolisonga shamba ndizo zinazolilisha. Thoma wa Akwino alifundisha kwamba neema haiangamizi maumbile ya mtu, bali huyakamilisha. Ukaidi wa jana unaweza kuwa uthabiti wa kutetea haki, mradi mwenyewe akubali ufukiwe kwanza, na avumilie muda ambao hakuna kinachoonekana juu ya ardhi.

Leo sehemu kubwa ya malezi hayo kwa Wakatoliki iko kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Nguvu yake ni ujirani. Wanaosali pamoja nyumbani kwa mmoja wao ndio wanaokutana kwenye mizani ya kahawa, na ufuoni ndio wanaogawana usipa, samaki wadogo wa ziwani. Wanajua ni nani hajawalipa vibarua wake, na ni mke gani hashirikishwi fedha za mavuno aliyoyatolea jasho. Jumuiya inayokutana kusali na kuchangishana tu, bila kuthubutu kuulizana hayo kwa upendo, inapoteza kazi yake iliyo kubwa kuliko zote.

Parokia huhesabu waliobatizwa, na ni haki yake. Inafaa pia iwatembelee mwaka mmoja baadaye, msimu wa malipo, maana fedha hufichua upesi moyo umefika wapi. Wokovu ni zawadi ya Mungu, na hakuna ratiba inayoweza kuununua. Ratiba humweka mtu mahali ambapo zawadi hiyo itamkuta kila siku, hata siku ambayo hana hamu ya kusali.