Tiba asilia za kuvu ukeni: Ni zipi zenye mashiko?

KITUNGUU saumu, maziwa lala, siki na mafuta ya nazi ni miongoni mwa vitu ambavyo wanawake wengi hukimbilia wanapohisi mwasho katika sehemu za siri. Sababu inaeleweka: vinapatikana jikoni, bei yake ni nafuu, na humwondolea mgonjwa haya ya kujieleza mbele ya daktari. Swali ni iwapo vinatibu.

Maradhi haya huletwa na kuvu ya jamii ya hamira, hasa ile iitwayo Candida albicans. Inakadiriwa kwamba wanawake watatu kati ya kila wanne huyapata angalau mara moja maishani. Dalili zake ni mwasho mkali, uvimbe, maumivu wakati wa kukojoa au kujamiiana, na uchafu mweupe mzito usio na harufu mbaya.

Kuvu hii yaweza kuishi mwilini bila kudhuru. Huzidi pale mwanamke anapotumia dawa za kuua bakteria, anapokuwa mjamzito, anapougua kisukari kisichodhibitiwa au kinga yake inapodhoofika.

Dawa za kuua bakteria huangamiza pia bakteria wema wa lactobacillus, ambao hudumisha hali ya asidi ukeni. Hapo ndipo ilipotoka imani kwamba mtindi, au vidonge vyenye bakteria hao, huzuia kuvu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka wa 2004, haukuthibitisha imani hiyo. Wanawake waliopewa bakteria hao wakati wa kutumia dawa waliugua sawa na wale ambao hawakupewa. Aidha, bakteria wanaotumiwa kugandisha maziwa kwa kawaida si wale waishio ukeni.

Kitunguu saumu nacho huua kuvu katika maabara. Lakini mwilini mambo ni tofauti. Mwaka wa 2014, watafiti wa Melbourne walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wanawake 63, ambapo baadhi walimeza vidonge vya kitunguu saumu kwa siku 14. Havikupunguza kuvu kwa kiwango cha kuaminika. Kukiingiza kikiwa kibichi ukeni ni hatari zaidi, kwani huweza kuchoma ngozi laini. Siki pia huwasha, na kuosha uke kwa ndani huondoa bakteria wema.

Si kila kitu kisicho cha kawaida hospitalini ni bure. Asidi ya boriki hutumiwa na madaktari pale kuvu inapokaidi dawa za kawaida, kwa vidonge vya miligramu 600 vinavyowekwa ukeni. Ikimezwa, ni sumu inayoweza kuua, na haifai kwa mjamzito. Haipaswi kutumiwa bila ushauri wa daktari.

Tiba iliyothibitishwa ingali dawa za kuua kuvu, kama vile klotrimazoli ya kupaka au kuweka ukeni, na flukonazoli ya kumeza. Dawa za kundi hili huponya kati ya asilimia 80 na 90 ya wanaokamilisha dozi. Mjamzito hushauriwa kutumia ya kuweka ukeni, wala si ya kumeza.

Jambo kuu, hata hivyo, ni kupimwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2002 ulichunguza wanawake 95 waliojinunulia dawa wakidhani wana kuvu. Ni takriban thuluthi moja tu waliopatikana na kuvu pekee. Wengine walikuwa na maradhi tofauti, yakiwemo ya bakteria na ya zinaa, ambayo kitunguu saumu hakiwezi kuyaondoa.

Mwanamke anayeugua mara tatu au zaidi kwa mwaka anapaswa kuchunguzwa kisukari na virusi vya HIV. Kwake, mwasho huo huenda ukawa dalili ya kwanza ya ugonjwa mkubwa zaidi, na kila wiki anayopoteza akijaribu tiba za jikoni humchelewesha kuugundua.