Bati la Paa na Bati la Kopo

Mji wa Keroka uko mpakani mwa Kisii na Nyamira, katika barabara iendayo Sotik. Mapaa yake mengi hung'aa juani, na kila mtu huyaita mabati. Lakini jina hilo limebeba madini mawili yaliyo mbalimbali, na asiyejua tofauti yake aweza kupata hasara, hata maradhi.

Bati halisi ni la 50 katika orodha ya elementi, nalo huandikwa Sn, kwa kifupi cha jina lake la Kilatini, stannum. Ni jeupe kama fedha, laini, wala halishiki kutu kama chuma. Kipande chake kikikunjwa hutoa mlio kama wa kilio. Huyeyuka kwa joto la digrii 232 za Selsiasi, hali chuma hungoja mpaka digrii 1,538. Ndiyo sababu moto wa makaa hutosha kuliyeyusha. Hutoka katika jiwe zito liitwalo kasiteriti, ambalo limechimbwa Kyerwa nchini Tanzania na Mwirasandu nchini Uganda. Huko Bisie, mashariki ya Kongo, mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2019.

Bamba la paa halina bati hilo. Ni chuma kilichopakwa zinki, pengine pamoja na alumini. Likikwaruzwa kidogo, zinki huliwa kwanza, na chuma husalimika kwa muda. Kopo la chakula ndilo lililopakwa bati. Peter Durand aliandikisha njia ya kuhifadhi chakula katika vyombo vya namna hiyo huko Uingereza mwaka 1810. Lakini bati hulinda kwa kufunika tu. Likikwaruzwa, chuma cha chini huoza upesi. Kwa hiyo mkulima azibaye paa lake kwa debe lililopasuliwa, katika nchi yenye mvua nyingi kama Kisii, atapanda tena juu ya nyumba baada ya muda mfupi.

Katika chakula mambo hugeuka. Maziwa ya mgando au maji ya ndimu yakilazwa katika ndoo ya zinki huyeyusha zinki, na anywaye aweza kutapika na kuumwa na tumbo. Bati ni salama zaidi. Hata hivyo, kopo likisha kufunguliwa, yafaa chakula kilichobaki kitiwe katika bakuli, maana hewa na ukali wa matunda hulimumunya bati.

Jambo la mwisho ni lehemu. Tangu zamani mafundi wameunga vyombo kwa bati lililochanganywa na risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa taa ya mafuta haidhuru sana. Kwa birika la chai ni hatari. Anunuaye chombo cha chakula na amwulize fundi mambo mawili: kimepakwa nini, na kimeungwa kwa nini?