Je, Wajua? Fimbo Iliyolia "Ping!"

Mwaka 1959, katika gereji ya nyumbani kwake California, mhandisi Karsten Solheim alijitengenezea fimbo ya gofu ya kusukumia mpira shimoni. Ilipougonga mpira ililia "ping!" Jina likapatikana hapo hapo.

Siri yake ni nzuri ajabu: uzito aliupeleka kwenye ncha mbili za kichwa cha fimbo. Hata ukikosea katikati, haizunguki sana mkononi.

Anser, fimbo yake mashuhuri ya miaka ya 1960, aliichora kwanza kwenye jalada la santuri.

Wewe unajaribu fimbo mpya? Ishike juu kwa vidole viwili, ining'inie. Gonga uso wake kwa ukucha, ukisogea taratibu. Pale isipozunguka ndipo pa kupigia.