Kifo cha Seli Kinachoratibiwa na Majeraha ya Figo Lililopandikizwa: Mtazamo kutoka Kampala

Mnamo Desemba 2023, Hospitali ya Mulago jijini Kampala ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Uganda, baada ya kupitishwa kwa sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu. Awali, wagonjwa walilazimika kusafiri nje, hasa India. Figo jipya lisipofanya kazi, wengi hudhani kuwa mwili umelikataa. Makala haya yanaeleza jeraha linalotangulia kukataliwa huko, na ambalo mara nyingi hulichochea.

Mishipa ya figo inapofungwa ili litolewe, oksijeni hukatika. Seli za mirija midogo, ambazo hutumia nishati nyingi kurudisha chumvi na maji katika damu, huathirika mapema. Baridi ya nyuzi 4 hivi hupunguza mahitaji yao, lakini haiyaondoi. Hata hivyo, madhara mengi hujitokeza damu inaporudi: oksijeni huingia ghafla katika mitokondria zilizodhoofika na kuzalisha molekuli kali zinazoshambulia utando wa seli.

Seli zilizojeruhiwa hivyo hazifi kwa namna moja. Katika apoptosisi, iliyopewa jina hilo na Kerr, Wyllie na Currie mwaka 1972, seli hujikunja, hujigawa vipande na kumezwa na seli nyingine bila vurugu. Neno “kujiua” lingeifaa, ila si sahihi kulitumia kwa vifo vyote vinavyoratibiwa. Katika nekroptosisi, protini RIPK3 huiamsha MLKL, nayo hutoboa utando hadi seli ipasuke. Feroptosisi, iliyopewa jina mwaka 2012, hutegemea chuma: mafuta ya utando huharibiwa na oksijeni pale kimeng’enya GPX4, ambacho kwa kawaida huyakinga, kinapozidiwa. Katika majaribio ya panya, kifo hiki kimeonekana kuenea kutoka seli hadi jirani yake, mpaka mrija mzima ukafa kama paa la makuti lililoshika moto.

Tofauti hizi si za majina tu. Seli inayopasuka humwaga vilivyomo ndani yake, na kinga ya mwili huvipokea kama ishara ya hatari. Askari wa kinga humiminika, uvimbe huongezeka, na seli zaidi hufa. Figo huweza kuchelewa kufanya kazi, mgonjwa akarudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, huku kinga ikiwa imekwisha kuamshwa dhidi ya kiungo kigeni.

Mulago ilianza na mchangiaji aliye hai, na kibiolojia uamuzi huo una faida kubwa: mtoaji na mpokeaji huweza kupasuliwa karibu karibu, hivyo muda wa figo bila damu huwa mfupi. Kiungo kinachotoka kwa marehemu ni suala jingine. Hapo huongezeka saa za kusubiri, kupima na kusafirisha, na barabara za Kampala hazimhurumii mtu mwenye haraka. Dawa za kuzuia nekroptosisi na feroptosisi zimekinga figo za wanyama maabarani, lakini bado si sehemu ya matibabu ya kawaida ya upandikizaji. Kwa sasa daktari wa upasuaji ana baridi, kimiminika cha kuhifadhia kiungo, na saa ya ukutani.